Mkono Uliotulia

Mkono wangu wa kulia hutetemeka ukiwa hauna kazi. Ukishika kisu, hutulia. Nimewaeleza watu jambo hili mpaka nimechoka, na sidhani kama yupo aliyelielewa, kwa sababu watu hawakutazami ukiwa kazini. Wanakutazama kanisani, umeketi, kitabu cha nyimbo kiko magotini na mkono unacheza juu yake. Wanakutazama sokoni Lushoto ukisubiri chenji. Wanakutazama msibani. Kote huko mkono hauna la kufanya, basi unafanya la kwake: kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayepukuchua hindi ambalo halipo.

Mimi ni fundi wa miche. Kazi yangu tangu ujanani ni kubebesha miti ya matunda. Unachukua shina la pichisi ya kienyeji, lenye mizizi migumu inayoujua udongo wa milima hii, unalikata juu kidogo ya ardhi na kulipasua. Kisha unachomeka kikonyo cha plamsi, yaani kijiti chenye macho ulichokikata kwenye mti mzazi, umekichonga ncha kama kabari. Ganda lazima likutane na ganda. Unafunga kwa utepe wa nailoni, unauachia mti na Mungu wayamalize wenyewe. Ukikosea unene wa kucha, umekula hasara.

Kazi hii hufanywa wakati wa baridi, miti ikiwa imelala, ukungu umeshuka mpaka kizingitini na vidole vya watu wengine vimekufa ganzi. Vyangu havikuwahi kufa ganzi. Watu wa Soni, wa Magamba, hata wa Mgwashi kule mbali, walikuwa wakinifuata na kuniambia, "Tunataka mkono wako." Huku kwetu inaaminika kwamba kuna mikono inayoshikisha na mikono isiyoshikisha, na kwamba fundi anaweza kukufundisha kila kitu isipokuwa mkono. Mimi sikuliamini sana jambo hilo, lakini sikuona sababu ya kugombana na watu wanaonisifu.

Kwa hiyo, mtetemeko ulipoanza, sikuogopa kufa. Ugonjwa huu hauna haraka hiyo. Nilichoogopa ni msimu wa baridi kufika, watu wakapita mbele ya lango langu na mashina yao, wakaenda kwa mwingine. Na huyo mwingine nilimjua. Nilimfundisha mwenyewe, akaoa, akapata watoto, akafungua kitalu chake ng'ambo ya bonde, na hadi leo tukikutana huvua kofia na kusema, "Shikamoo, fundi." Angekuwa na kiburi ningepumua. Mtu mwenye adabu huwezi hata kumchukia kwa raha.

Msimu wa kwanza wa mtetemeko watu bado walikuja, na miti ikashika. Kabla ya daktari walitangulia wajuaji. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani, akazunguka mada kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akaniambia nipunguze pombe. Mimi sinywi. Mwingine akasema ni mkono wa mtu, kuna aliyenionea wivu. Mwinjilisti alikuja kuniombea, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana kwelikweli, nao ukatulia, kwa sababu mkono wowote ukibanwa hivyo utatulia. Akapaza sauti kumshukuru Mungu. Alipouachia ukaendelea na mahindi yake, naye akasema imani ilikuwa haba. Imani ya nani, hakusema.

Daktari wa kwanza, mjini hapahapa, alinipa jina la ugonjwa. Parkinson. Nililirudia mara kadhaa njiani nisilisahau, jina kama la Mzungu aliyepotelea msitu wa Magamba akaishia kwenye mwili wangu. Akanipa na vidonge vidogo vyeupe, akasema vitatuliza mkono.

Vikautuliza. Sitaki kudanganya, furaha niliyoipata wiki zile siwezi kuieleza. Jumapili moja niliuweka mkono juu ya kitabu cha nyimbo nao ukakaa, kimya, kama mkono wa mtu mwingine. Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, akauona, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Baada ya ibada watu walinipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani. Yule mzee wa kanisa alinipiga bega akasema, "Unaona sasa, ulipoacha?"

Kinywa kilikuwa kikavu wakati wote, lakini nani anajali kinywa? Choo kilikuwa shida, na hilo nalo mwanamume halitangazi. Mambo ya kichwa ndiyo niliyoyachelewa kuyaona. Nilimsalimia jirani, na kabla hajafika kona nikamsalimia tena. Mke wangu alikuta kisu changu cha kubebeshea ndani ya kopo la sukari. Alinionyesha, tukacheka wote wawili, mimi kwa nguvu zaidi. Macho nayo yalikuwa yanaona ng'ambo ya bonde vizuri, ila kitu cha karibu nilikiona kana kwamba kiko nyuma ya mvuke wa chungu. Nikasema ni uzee. Uzee ni kikapu kizuri, kila kitu kinaingia.

Msimu ukafika. Akina mama wa usharika walikuwa na kikundi chao, na walikuwa wameotesha mashina ya pichisi kwenye kiwanja kilicho chini ya kanisa, wakayapalilia na kuyamwagilia kwa ndoo kichwani kiangazi kizima. Walitaka plamsi. Mwenyekiti wao, mjane mmoja mwenye sauti ndogo inayomfanya kila mtu anyamaze, alikuja mwenyewe kuniita. Nilikwenda na vikonyo nilivyovikata siku iliyotangulia, vimefungwa kwenye gunia bichi. Nyumbani nilikuwa na furushi jingine, la peasi, kwa ajili ya miche yangu.

Nilichukua furushi lisilo sahihi. Ni hilo tu. Shina la pichisi litampokea plamsi kama ndugu, maana ni ukoo mmoja, lakini peasi halimpokei hata ukilipigia magoti. Mtoto wa shule ya kilimo anajua hilo. Na mimi nilikuwa na miaka na miaka ya kujua zaidi ya hilo: peasi ina jicho lenye ncha, ganda lake lina rangi nyingine, na plamsi ukiikata inatoa harufu ya kokwa lililovunjwa. Sikuona, sikunusa. Nilibebesha kutwa nzima kwa mwendo ambao sijawahi kuwa nao, mkono umetulia kama wa kijana, akina mama wakiimba pambio na kunishikia nailoni. Jioni walinipigia vigelegele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sikutia maji kwa kulewa sifa. Nilitiwa maji kichwani na kidonge.

Mvua za vuli zilipokaribia, miti ya watu ilichipua. Ya akina mama haikuchipua. Mashina yalitoa machipukizi yao ya porini chini ya kile kifundo, na vijiti vyangu juu vikawa vyeusi. Waliponiita nikainama, nikafungua nailoni ya mche mmoja, nikakisogeza kijiti mbali na macho, mbali kabisa, mpaka nilipokiona vizuri.

"Hii ni peasi," nilisema.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mjane alisema, "Pole, mzee," na wenzake nao wakasema pole mmoja mmoja, wakachukua majembe yao na kwenda kung'oa mashina.

Niliwaeleza kuhusu dawa. Niliwaeleza akina mama, nikamweleza mchungaji, nikaeleza mpaka dukani nilipokwenda kununua mafuta ya taa. Waliitikia kwa kichwa. Nyuma yangu wakasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Nilisikia, sikio langu ni zima. Kisha likaja la pili, baya zaidi, na sijui nani alilianzisha. Walisema nimebadilishana. Kwamba nilikwenda kwa mganga, huko bondeni, akautuliza mkono wangu, na malipo yake yalikuwa baraka iliyokuwa ndani ya mkono huo. Ushahidi walikuwa nao: ulipokuwa unatetemeka miti ilishika, ulipotulia ikafa. Ukiwa mpumbavu hesabu hiyo haina kosa. Nilikasirika kiasi kwamba sikwenda kanisani mpaka Krismasi.

Baada ya mwaka mpya binti yetu aliye Tanga alisisitiza niende hospitali kubwa, nikaonane na daktari wa mishipa ya fahamu. Tuliteremka mpaka Mombo mimi na mke wangu, tukapanda basi la Moshi. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Alisimama akasema, "Shikamoo, baba," akanikalisha, akanitazama nikitembea, akanigongagonga na kunikunjakunja mkono. Kisha akavishika vile vidonge vyeupe.

"Hivi hutuliza mtetemeko, ni kweli," alisema. "Lakini kwa mtu wa umri wako hatupendi kuvitumia. Vinachafua kumbukumbu. Vinafifisha macho."

"Vimeniua," nilimwambia.

Alidhani natania. Akanieleza kwamba tutaviacha polepole, si kwa mara moja, na tutaanza vingine, vya buluu, ambavyo havigusi mtetemeko tu bali vinaurudishia mwili kitu unachokikosa. Tulipokuwa mlangoni, na mgonjwa mwingine ameshaingia, akasema, "Na mumeze saa moja kabla ya kula, mama, msisahau. Saa moja kabla ya chakula." Mke wangu akaitikia. Yeye huwa hasahau kitu.

Asubuhi ya kwanza nilimeza kwa maji matupu, nikatapika. Ya pili nikatapika. Mke wangu alisimama mlangoni na beseni, akasema, "Dawa kali namna hii kwenye tumbo tupu, baba? Itakutoboa."

Sasa, mke wangu ni Mmbugu, wa Mgwashi. Wambugu ni watu wa ng'ombe. Sisi wengine huku juu tunafuga ng'ombe. Wao wanaishi nao. Kwao mgeni hupewa maziwa, mzazi hupewa maziwa, maiti akiweza kunywa angepewa maziwa. Tuna ng'ombe wawili bandani nyuma ya nyumba, na nina hakika moto ukiwaka ataanza na wao. Siku ya tatu alinipa kidonge kwa kikombe kikubwa cha maziwa ya moto. Sikutapika. Tukamshukuru Mungu.

Na alikuwa ametii. Hili nalisema kwa ajili yake. Saa moja kamili kabla ya chakula, hata kiazi hakuniruhusu nikiguse. Nikinyoosha mkono kwenye kipande cha muhogo alinipiga kofi. Lakini kwake yeye maziwa hayajawahi kuwa chakula. Chakula ni ugali, ni maharage, ni kitu unachotafuna. Maziwa ni maziwa. Hata daktari angemuuliza, "Mama, amekula?" angejibu kwa moyo mweupe kwamba hajala.

Dawa haikufanya kazi. Vile vyeupe nilikuwa nimeshaviacha, kwa hiyo kichwa kilirudi, tena safi, nikawa na akili timamu ya kuutazama mwili wangu ukiniacha. Mkono ulitetemeka kuliko mwanzo, na sasa hata ukishika kisu. Mguu wa kulia ulianza kuburuta. Kifungo cha shati kilinichukua muda ambao mke wangu angeweza kukamua ng'ombe mmoja. Kila alivyoona sipati nafuu, alizidi kukijaza kikombe. Alikuwa akisimama pembeni mpaka nimalize, akisema, "Malizia, hiyo ya chini ndiyo yenye nguvu." Nami nilimalizia.

Tulipiga simu hospitali. Daktari akasema tuongeze kidonge. Tukaongeza. Mke wangu naye akaongeza maziwa.

Mei ikapita. Juni ikaanza kuuma. Kila asubuhi nilikaa kibarazani nikitazama barabara, nikijiambia kwamba sisubiri mtu. Watu walipita na mashina yao yamefungwa kwenye magunia, wakanisalimia kwa heshima zote, wakaendelea kuteremka kuelekea ng'ambo ya bonde. Mmoja aliniuliza kwa Kishambaa habari za afya, nikamjibu, "Tiwedi," hatujambo, kwa sababu jibu jingine halipo. Nilikuwa nimejaa uchungu kiasi kwamba nilimchukia hata Mungu kidogo, na sikumficha.

Katikati ya baridi hiyo mama mdogo wa mke wangu alifariki Mgwashi. Mke wangu akaondoka kwenda msibani. Mimi nisingeweza ile njia, miguu haikuwa ikinitii. Alimwachia jirani ng'ombe na mimi, kwa mpangilio huo, na maagizo yaleyale kwa wote: wapewe kwa wakati. Asubuhi ya kwanza jirani alichelewa kukamua. Saa ya dawa ikapita. Nikaona nisingoje, nikameza kwa maji ya mtungini, nikajiandaa kutapika.

Sikutapika. Nafikiri tumbo lilikuwa limeshazoea dawa bila kutuambia. Nilikaa kibarazani na blanketi, nikasinzia. Nilipoamka nikasimama kwenda kuwafukuza kuku waliokuwa kwenye mboga, nikafika nusu ya uwanja ndipo nikagundua kwamba nimesimama bila kushika nguzo, na kwamba mguu hauburuti. Nikautazama mkono. Ulikuwa umening'inia pembeni, wazi, haufanyi kitu. Nilirudi ndani nikachukua kisu, nikakata kijiti cha ua, nikachonga kabari. Nikachonga nyingine. Nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake jirani aliwahi, akaniletea kidonge na kikombe cha maziwa, nikanywa kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kutwa nzima nilikaa kama gogo. Keshokutwa yake nikakataa maziwa, nikanywa maji, na mwili ukafunguka. Hapo nikaelewa. Nilimpigia simu daktari, nikamuuliza kuhusu maziwa.

"Baba, maziwa ni chakula," alisema. "Tena ni kibaya kuliko vyote kwa dawa hii. Maziwa, nyama, maharage, vinapita mlango mmoja na dawa. Vikitangulia, dawa inabaki nje."

"Ungetuambia."

"Nilisema kabla ya chakula."

Kweli alisema. Sote tulisema kweli, sote tulifanya tulivyoambiwa, na miezi yangu ikaenda.

Mke wangu aliporudi kutoka msibani alinikuta nimesimama langoni. Alitua mzigo wake, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, uso ukachanua. Kisha akauliza nimepewa nini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, nikayasema vibaya. Nilimwambia ni maziwa. Kwamba maziwa yalikuwa yanaizuia dawa.

Akakaa juu ya mzigo wake.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Ni maziwa."

"Maziwa ni ya nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kuniua kwa mapenzi na bado nisingekuwa na la kumlaumu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia, na alijua. Aliongea kitu kwa Kimbugu, lugha yake, ambayo baada ya miaka yote hii bado siielewi anapoisema haraka. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo huniwekea kidonge na bilauri ya maji mezani, kisha huondoka chumbani. Hasimami tena pembeni mpaka nimalize.

Lakini baridi ilikuwa bado. Hilo ndilo nililoliwaza kuliko vyote, kuliko hata huzuni ya mke wangu, na mtu akiniona mbaya kwa hilo anione. Agosti haikuwa imefika, miti ilikuwa bado imelala, mkono ulikuwa umerudi na kichwa kilikuwa pamoja nao. Na akina mama wa usharika, nilijua, walikuwa wameotesha upya. Nilikata vikonyo vya plamsi mwenyewe, nikavinusa kimoja kimoja, nikavifunga kwenye gunia bichi. Nikameza kidonge changu kwa maji, nikaacha saa ipite, nikateremka kwenda kiwanjani.

Walikuwepo wote. Mwanafunzi wangu naye alikuwepo, amepiga goti, ameshaanza mstari wa kwanza. Alinyanyuka haraka, akavua kofia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Mjane alinikaribia. Nilimsalimia, nikamweleza kila kitu bila kupamba: vidonge vya kwanza, vidonge vya pili, maziwa, mpaka nilivyopona. Nilimwambia nimekuja kuwalipa miti yao kwa kazi, sitaki hata ahsante. Nikanyoosha mkono mbele yake. Haukutikisika. Niliushikilia hapo hewani muda mrefu, ukungu ukipita, akina mama wote wakitazama, na hata kucha haikucheza.

Nilimwona akiutazama. Nilidhani ataushika. Badala yake alirudi nyuma hatua ndogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

"Umetulia," alisema.

"Umetulia kabisa."

"Hata mwaka ule ulitulia, mzee."

"Mwaka ule zilikuwa dawa nyingine. Nimekueleza."

"Umenieleza." Aliwatazama wenzake, akashusha ile sauti yake ndogo. "Usitufikirie vibaya. Sisi tuliutaka ule uliokuwa ukitetemeka. Ule ulikuwa na kitu ndani. Huu hatuujui."

Kichwani nilikuwa na jibu, tena lilikuwa zuri. Ningeweza kuwaeleza juu ya akili na ujinga, juu ya mtu aliyeacha mwili wake ufanyiwe majaribio ya dawa mbili ili awe tayari kwa ajili yao. Lakini mwanafunzi wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anageuzageuza kofia, ameona aibu kwa niaba yangu, na aibu ile ilinifunga mdomo. Mmoja wa akina mama alileta kiti, akakifuta, akakiweka pembeni ya mistari, mahali pa mgeni wa heshima. Nikaambiwa niketi. Nikaketi.

"Tufungulie kwa sala, mzee," mjane akasema. "Halafu kijana aendelee."

Wote wakainamisha vichwa. Nikasimama, nikafumba macho, nikamwomba Mungu aibariki kazi ya mikono ile, kila jicho lichipue, kila shina lishike. Niliomba kwa sauti, kwa maneno mazuri, na akina mama wakaitikia amina. Hakukuwa na neno hata moja nililotaka litimie.